Nimeacha mkeka, najaza kibubu: shajara ya fundi seremala wa Keko

Kabla sijaanza kuhesabu siku niseme kwanza kilichotokea maana bila hicho huu mradi usingekuwepo. Mimi ni seremala, nipo Keko hapa Dar, natengeneza vitanda, makabati na meza za kulia, na nimebeti mpira kama miaka sita hivi, yani naandika mkeka, ile orodha ya timu ninazotabiri zitashinda, naweka hela. Mwezi uliopita mama mmoja alinipa avansi ya laki mbili na nusu ya kitanda cha tano kwa sita, akanambia mama yake mzazi anakuja kutoka kijijini kwa matibabu na hataki alale chini. Ile hela ilikuwa kwenye simu. Jumamosi na Jumapili yake nikawa naitoa kidogo kidogo, elfu kumi, elfu ishirini, tena elfu kumi, mpaka Jumapili usiku laki na ishirini ilikuwa imeenda na muuza mbao hakopeshi. Nikaenda kukopa laki na nusu kwa kaka yangu. Kitanda kikachelewa wiki tatu. Siku napeleka nilimkuta yule bibi kaketi kwenye godoro sakafuni, miguu imevimba, akaninyooshea mkono akasema asante mwanangu Mungu akuzidishie. Sikuweza kumwangalia. Nilifunga zile nati za kitanda nikiwa nimeinama muda wote nikaondoka.

Basi mradi ni mambo mawili. Kwanza kuacha kubeti kabisa, sio kupunguza, nimeshapunguza mara nyingi najua inavyoishia. Pili kila siku ya kazi niweke elfu tatu pembeni mpaka ninunue randa ya umeme yangu mwenyewe, maana sasa hivi nalipia kupitisha mbao kwenye mashine ya jirani kila siku.

Siku ya 1, Jumapili

Leo nimefanya kitu nilichokuwa nakikwepa miaka yote. Nimekaa na kauntabuku na kalamu nikafungua meseji za pesa za simu za miezi mitatu, nikaandika moja moja, upande huu nilizoweka kwenye akaunti ya kubeti na upande huu nilizotoa. Imechukua masaa mawili na nusu. Nilizoweka ni 612,000. Nilizotoa 187,000. Yani 425,000 zimeenda ndani ya miezi mitatu na kichwani mwangu mi nilikuwa naamini nipo kama ngoma droo hivi, kwa sababu nazikumbuka zile siku mbili nilizotoa hela ya maana, zile elfu tano tano za kila siku sikuwa nazikumbuka kabisa. Randa ninayoitaka ni 280,000.

Siku ya 2

Nimetengeneza kibubu. Nimeokoteza vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kabati la mteja, nikavipiga randa, nikaunga kona kwa gundi na skrubu kwa ndani kabla sijafunga mfuniko, kwa hiyo hakina bawaba wala kitasa, ukitaka kukifungua lazima ukivunje. Tundu nimelitoboa kwa patasi ya nusu inchi, nikalijaribu na noti iliyokunjwa mara nne, inaingia kwa kusukuma kidogo. Nikajaribu kuitoa kwa kisu na waya, haitoki. Nimekipaka vanishi mara mbili kama kazi ya mteja. Dogo ninayemfundisha kazi akaniuliza fundi hiki cha nani, nikamwambia cha kwangu.

Nimekipigilia ukutani pale ninapoweka fagio. Kila jioni lazima nifagie maranda kabla ya kufunga, hiyo sijawahi kuiruka hata siku moja tangu nijifunze kazi, fundi wangu alikuwa mkali sana kwenye hilo. Kwa hiyo nimeamua elfu tatu iingie pale pale nikishika fagio, nisitafute muda mwingine.

Siku ya 8

Nina mdogo wangu wa kike anasoma saikolojia chuo, nilimwambia ukweli wote wiki iliyopita. Hakunisema. Akanambia kaka, wiki hii usijilazimishe kitu kikubwa, kila hamu ikija andika ni saa ngapi, upo wapi, na ulikuwa unafanya nini dakika tano kabla. Nimeandika nyuma ya ile kauntabuku. Wiki nzima hamu imekuja mara 31. Saba ni usiku kitandani kabla ya kulala, tano ni sehemu tofauti tofauti, na 19, mara kumi na tisa jamani, ni kati ya saa saba na saa tisa mchana hapa hapa karakana.

Nikajiuliza kuna nini saa saba. Kumbe asubuhi nakata na kuranda, mchana ndo nagundisha. Ukishapaka gundi ukabana vibanio huna la kufanya, unasubiri ishike, na mi miaka sita yote nikishabana tu kibanio cha mwisho mkono unaenda mfukoni kwenye simu. Hata simfikirii mchezaji wala timu, mkono unaenda wenyewe! Leo nimejiangalia kabisa, nimekaza kibanio, nimefuta gundi iliyotoka pembeni kwa kidole, nimepangusa kidole kwenye suruali, na mkono huo huo ukaingia mfukoni.

Mdogo wangu anasema ndivyo mazoea yanavyofanya kazi, kuna kitu kinaita, kuna kitendo, halafu kuna malipo, na kinachoita mara nyingi ni sehemu au saa au kazi uliyotoka kuimaliza. Anasema kuna utafiti wa Marekani wa 2002 wa Wendy Wood na wenzake ambapo watu walikuwa wanaandika wanachofanya kila saa, wakakuta karibu asilimia 43 ya mambo ya siku ni ya kurudia rudia mahali pale pale na mara nyingi mtu anawaza kitu kingine kabisa. Nikamwambia hiyo asilimia kwangu naona ni kubwa zaidi.

Siku ya 10

Sheria mpya, nimeiandika kwa penseli ya kiseremala kwenye meza ya kazi: NIKIBANA GUNDI NACHUKUA KINOO. Yani nikimaliza kibanio cha mwisho mkono uende kwenye jiwe la kunolea ninoe patasi au bledi ya randa. Mdogo wangu kanambia kuna mtaalamu wa saikolojia Mjerumani anaitwa Peter Gollwitzer kaandika sana kuhusu hili, kwamba mtu akijiwekea mpango wa aina ya likitokea hili nafanya hili anafanikiwa zaidi kuliko anayesema tu nitajitahidi. Mi nitajitahidi nimeisema mara mia.

Pia smatifoni inabaki nyumbani. Karakana nakuja na kitochi, wateja wananipigia na pesa napokea vizuri tu.

Siku ya 14, Jumamosi

Hii siku ndo mlima. Jumamosi wateja wanamalizia malipo, nalipa dogo, kuanzia saa tisa kijiwe cha pale kona kinajaa, kila mtu ana mkeka wake na mechi za Uingereza zinaanza. Zamani nilikuwa nawahi kiti. Leo nimefagia mapema, nimeweka elfu tatu, nimekwenda nyumbani kwa njia ya nyuma. Nikafika nyumbani sijui nifanye nini. Nimekaa uani mikono inacheza cheza, nimekuwa mkali kwa watoto bila sababu mpaka mke wangu akaniuliza baba watoto unaumwa? Usingizi umekuja saa nane usiku. Sikujua kama kuacha kitu ambacho hata hakiingii mwilini kinaweza kukufanya hivi.

Nimeuza gunia la kwanza la maranda kwa mfuga kuku, 1,500, na yenyewe imeingia kwenye kibubu. Zamani nilikuwa nayatoa bure.

Siku ya 17

Usiku nimekaa na dogo kupiga hesabu ya mkeka, yeye ana miaka 19 na najua na yeye anabeti kwa kuniona mimi. Hiki naandika kirefu kwa sababu natamani mtu angenikalisha miaka sita iliyopita akanionyesha.

Tuseme umechagua timu kumi, zote za uhakika, kila moja ukicheza mara 100 inashinda mara 75. Mtu yeyote wa kijiweni atakwambia huo mkeka ni wa kulala mlango wazi. Sasa zidisha 0.75 kwa 0.75 hivyo hivyo mpaka zifike kumi, unapata kama 0.056, maana yake huo mkeka unatiki, yani timu zote kumi zinashinda, mara 1 katika kila mara 18. Mara 17 unachanika. Haya, timu ya namna hiyo tuseme wanakupa odi ya 1.25, yani ukiweka buku ikishinda unarudishiwa 1,250, kumi zikizidishana inakuwa odi 9.31, ukiweka buku unapata kama 9,313. Kwa hiyo umetoa buku 18 kusubiri mara moja ya kutiki, umetoa 18,000 unarudishiwa elfu tisa na kitu. Nusu yote imeliwa, na hapo umechagua vizuri, hujakosea timu hata moja kwa ujinga. Mtu anasema ningekuwa na odi ndogo ndogo za uhakika ningepata, hapana, kila timu unayoongeza ndo unazidi kujipunja, kwa sababu ile punje wanayochukua kwenye kila odi inazidishana na yenyewe.

Dogo alichukua kikokotoo akarudia mara tatu. Hakusema kitu, akaenda zake.

Siku ya 19

Nilichokuwa sielewi mimi, kama mkeka unachanika mara 17 kati ya 18 kwa nini mtu hachoki? Kazi nyingine yoyote ikikutupa mara 17 unaiacha. Mdogo wangu kanitumia sauti ndefu kwenye simu nimeisikiliza mara mbili.

Anasema kuna mtu anaitwa B. F. Skinner, Mmarekani, alikuwa anafanya majaribio na njiwa na panya miaka mingi iliyopita. Njiwa akidonoa kitufe anapata chakula. Ukimpa chakula kila akidonoa halafu ukaacha, baada ya muda mfupi anaacha na yeye. Lakini ukimpa mara moja moja bila mpangilio, leo akidonoa mara tatu, kesho mara hamsini, huyo njiwa anadonoa bila kukoma hata ukiacha kumpa kabisa anaendelea muda mrefu sana. Mkeka ni hivyo hivyo, hujui lini.

La pili ndo limenigusa zaidi. Kuna Luke Clark na wenzake Cambridge Uingereza walitoa utafiti 2009, waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ya ubongo huku wanacheza mchezo wa kubahatisha. Wakakuta mtu akikosa kidogo tu, ile ya kuponyoka pembeni, sehemu za ubongo zinazowaka akishinda zinawaka na hapo pia. Amekosa, hajapata hata senti, lakini ubongo unapokea kama kaonja ushindi, na hamu ya kuendelea inapanda. Nikaikumbuka ile sentensi tunayosema kijiweni kila wiki, timu moja tu imenichania. Timu moja! Tunaisema kwa uchungu lakini ukweli ndo ilikuwa inatupa nguvu ya kuweka tena. Nina picha za mikeka ya hivyo kwenye simu zaidi ya 40, nilikuwa nazihifadhi. Nimezifuta zote leo.

Siku ya 21

Kila mtu anasema siku 21 tabia inabadilika. Nimeamka nikijisikiliza kama kuna kitu kimebadilika, hamna, hamu ya mchana imepungua lakini ya Jumamosi iko pale pale. Nilipomlalamikia mdogo wangu akanambia hiyo namba ilitokana na daktari wa upasuaji wa Marekani anaitwa Maxwell Maltz, mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake aliowabadilisha sura walichukua angalau siku kama 21 kuizoea sura mpya, watu wakaibeba wakaifanya sheria ya kila kitu. Waliopima kweli ni akina Phillippa Lally wa chuo kikuu cha London, utafiti wao ulitoka 2009, walifuata watu 96 wanaojenga tabia ndogo ndogo kama kunywa maji baada ya mlo. Wastani ulikuwa siku 66, lakini kuna waliochukua 18 na kuna hesabu iliyofika 254. Kwa kweli hiyo imenipa pumzi. Nilikuwa nimeshaanza kujiona mi ndo mbovu.

Siku ya 31, Jumanne

Nimeanguka.

Umeme ulikatika saa nne asubuhi haukurudi. Saa tisa nikaenda nyumbani, smatifoni ipo kabatini, kuna mteja alikuwa kanitumia 45,000 ya kurekebisha viti vyake sita. Nikaifungua nione tu kama imeingia na pale pale nikakuta meseji ya kampuni ya kubeti, wameniwekea bonasi ya elfu mbili ya bure, usiku kuna mechi za Ulaya. Nikasema ya bure haina shida, nacheza hiyo hiyo naacha. Ikachanika dakika ya 80. Nikaweka elfu tano. Elfu tano tena. Saa tano usiku nikaweka elfu kumi na mbili, nimejifungia chooni simu nimeipunguza mwanga. Jumla 22,000 za viti vya mtu.

Siku ya 32

Asubuhi sikutaka hata kuandika hapa. Nilitaka niseme mradi umeisha. Halafu jioni nikashika fagio, maranda yalikuwa kidogo tu, na mkono ukaenda mfukoni ukatoa elfu tatu ukakunja mara nne ukasukuma kwenye tundu kabla hata sijaamua. Nikasimama pale na fagio muda mrefu.

Usiku nimemwambia mke wangu. Yote, na ya kitanda cha yule bibi, na 425,000. Alikaa kimya mpaka nikaogopa, halafu akasema lete simu. Tumekaa wote kitandani tukawaandikia ile kampuni wafunge akaunti moja kwa moja, tukazuia namba zao zote za meseji, ile laini ya pesa amebadilisha namba ya siri na anaijua yeye tu. Nikitaka kulipa mbao namwambia kiasi analipa yeye. Najua kuna wanaume watasema nimejiuza kwa mke. Mi nimemshukuru.

Mdogo wangu kanikumbusha kwamba kwenye ule utafiti wa London kukosa siku moja hakukuharibu tabia iliyokuwa inajengwa, ila akasema kaka tusidanganyane, hiyo ni ya kujenga kitu kizuri, kubeti ni jambo jingine, chama cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka 2013 kiliihamishia rasmi kwenye kundi moja na ulevi wa pombe na madawa ya kulevya. Ikimbie kama ugonjwa, alisema hivyo hivyo. Elfu tatu ukiikosa siku moja unaendelea kesho, elfu mbili ya bonasi usiiguse hata kwa kijiti.

Siku ya 49, Jumamosi

Wiki mbili kazi mbaya, hakuna kitanda hata kimoja, nimefanya viraka vya milango tu. Elfu tatu haipatikani. Nimekuwa naweka jero, mia tano. Nilitaka niache mpaka kazi zirudi lakini nikaona zikirudi mkono utakuwa umeshasahau njia ya kwenye kibubu, bora iingie jero kuliko isiingie kitu.

Jumamosi sasa ina kazi yake. Nampeleka mtoto wangu wa kwanza kucheza mpira uwanja wa shule, nakaa pembeni naangalia. Nilikuwa nimesahau kuangalia mpira bila kuhesabu kona.

Siku ya 66

Nimefika kwenye ule wastani. Mchana nimebana gundi ya meza ya watu wanane, nikajikuta nanoa na patasi inakata unywele wa mkono, na sijakumbuka simu mpaka naandika hapa. Hiyo ya mchana naona imeshika. Ya Jumamosi nayo inakuja ila inapita, dakika kumi, kumi na tano hivi. Ya usiku kitandani ndo ngumu kuliko nilivyotegemea, nikiwa na wasiwasi wa hela hasa.

Siku ya 82

Jamaa wa kijiweni mmoja, rafiki wa siku nyingi, kaja karakana kuniuliza kama nimewakasirikia. Nikamwambia hapana, ila nikikaa pale nitarudi. Akasema mwanaume mwenye msimamo anakaa popote. Hili neno limenikereketa siku nzima kwa sababu na mimi nililiamini.

Nikamsimulia kisa nilichotumiwa na mdogo wangu, cha wanajeshi wa Marekani vitani Vietnam. Wengi walitumia heroini kule, wengine wakawa mateja kabisa, serikali ikaogopa wakirudi itakuwaje. Mtafiti anaitwa Lee Robins akawafuatilia baada ya kurudi nyumbani miaka ya mwanzo ya 70, akakuta wengi sana wa wale waliokuwa mateja hawakurudi kwenye uteja. Walikuwa wametoka kule kwenye joto, woga na wenzao wa kuvuta nao, wakarudi kwa mama zao na kazi zao. Heroini hiyo! Sasa mimi seremala nikae pale kona na watu kumi wenye mikeka nijipime msimamo, wa nini? Nimemwambia aje nyumbani Jumapili tunywe chai. Amesema atakuja.

Siku ya 103, Alhamisi

Nimekivunja. Niliingiza patasi kwenye kiungo cha mfuniko nikapiga nyundo mara nne, gundi yangu ilikuwa nzuri, mninga ukapasuka kabla gundi haijaachia. Noti zilikuwa zimekunjwa mara nne zote na zina unga wa mbao. Tumehesabia mezani mimi na mke wangu na dogo. Siku 69 za elfu tatu, siku 11 za jero, siku 7 sikuweka kitu, na magunia 31 ya maranda. Imetoka 259,000, imelingana na kauntabuku mpaka shilingi ya mwisho. Nikaongeza 21,000 ya kazi ya jana.

Siku ya 104

Randa imefika. Nimepitisha ubao wa mkongo wa futi nane, maranda yanatoka mapana kama utepe, na sikusimama foleni kwa jirani.

Siku ya 109

Kibubu cha pili kimeshatundikwa, hiki ni cha deni la kaka, nimeshalipa 90,000 imebaki 60,000. Dogo naye kajitengenezea chake, kona moja haijakaa sawa, nimemwonyesha pa kusugua. Jumamosi iliyopita hamu ilikuja saa kumi nikiwa uwanjani, nimeiandika. Leo 3,000 na gunia moja.